Miaka Kumi na Minne Nimepiga Magoti Bila Kuomba

Mpendwa mshauri, nimesoma ukurasa wako kwa miaka sita, na mara nyingi nimewahukumu wanaokuandikia, lakini sasa ni mimi ninayeomba msaada, na naomba ufanye haraka, kwa sababu Ibada ya Mavuno ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa Novemba 2006 na jina langu limeshatangazwa.

Nina miaka sabini na mmoja, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkulima, na mwaka wa 1992, wakati wa vita vya kikabila, mimi na mke wangu Wacuka tulikimbia shamba letu la ekari nane juu ya Kitale, upande wa mlima, tukiwa na watoto watatu, blanketi mbili na redio isiyo na betri, tukakaa miezi saba katika darasa moja pamoja na familia nyingine nne, halafu tukateremka hadi Ndalu, ambako tunakodi nyumba mpaka leo, na shamba lile sijalikanyaga tena.

Nataka uelewe huyu Wacuka ni mtu wa namna gani. Asubuhi ya kwanza katika lile darasa, watu wakiwa bado wanalia, yeye aliamka, akakunja blanketi akasema, "Baba Kiarie, tuombe," nami nikamwuliza tuombe nini na kila kitu kimechomwa, akanijibu, "Tunamwambia tumehamia wapi." Tangu siku hiyo hajakosa asubuhi hata moja. Amelima vipande vya watu, amepanda maharagwe katikati ya mahindi ya wengine kwa makubaliano ya kuwapalilia, na kila mavuno debe la kwanza analipeleka kanisani kabla hatujaonja, hata ule mwaka tuliovuna madebe matatu tu na mimi nikanung'unika. Nimesoma vitabu vingi juu ya imani, na sijaona kilichonifundisha kama kumtazama mama huyu akipepeta mahindi huku akiimba na akijua kabisa hayatafika Machi.

Sasa nikuambie kosa langu. Asubuhi ile ya kwanza nilipiga magoti, nikafumba macho, sikupata neno hata moja la kumwambia Mungu, nikaanza kulizunguka shamba langu kichwani. Naanzia lango la chini penye mkaratusi, napanda na mitarakwa kumi na tisa, mmoja mmoja, napita mparachichi wa kwanza, wa pili, na wa tatu uliopigwa na radi, nafika kwenye mplamu ambao haukuzaa hata siku moja, na nikirudi langoni Wacuka naye anakuwa amemaliza, nami nasema "Amina." Nimefanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na minne. Midomo yangu inatikisika, basi watu wanaona ni maombi. Mara moja tu sauti ilinitoroka, nikasema wazi, "Mparachichi wa tatu," lakini Wacuka alisema "Amina" akaenda kuwasha moto, nikashukuru kwamba hakusikia.

Jirani yetu Nasimiyu, mjane wa Kibukusu aliyetupa kipande cha kwanza cha kulima, hunitania akipita na ndoo yake. "Mzee, si uongeze sauti kidogo, hata sisi wa huku nje tupate baraka?" Wacuka humjibu, "Mwache bana, Mama Ivy. Huyu wangu anaomba kimya, na ndiyo maana sisi tumesimama."

Mwaka wa 2003 Wacuka alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya misheni pale Lugulu, nami nikakaa kwenye benchi la nje saa tatu nzima, Nasimiyu kando yangu, akaniuliza, "Mzee, unaomba?" nikasema naomba, kumbe nilikuwa nimefika mtarakwa wa kumi na mbili, na siku hiyo nilishindwa kupita pale. Wacuka alipoamka alimwambia muuguzi, "Ni mzee wangu. Hajachoka kuniombea."

Sasa Mchungaji Mukhwana anataka nitoe ushuhuda juu ya kumtegemea Mungu wakati wa shida. Wacuka amepiga koti langu pasi mara mbili, na amewaalika kutoka Kitale wanawake waliolala nasi katika lile darasa. Nikitoa ushuhuda wanaoutaka, nitadanganya mbele ya madhabahu. Nikisema kweli, nitamwondolea mke wangu kitu alichokiegemea miaka yote hii, na mbele ya wageni wake. Yeye anadhani aliegemea maombi yangu, na ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeishi kwa maombi yake. Nifanye nini? Jina langu lichapishe, Wacuka hasomi magazeti.

Hiram Gathogo, Ndalu

MAMA AGNETA ANAJIBU

Mzee Hiram, Wacuka hasomi magazeti, sawa. Nasimiyu je? Na wale wageni wa Kitale? Gazeti hili linatoka Ijumaa, na nakala ya jibu hili nimekutumia kwa mkono wa mtu Jumatatu, ili uwe na siku nne za kuongea mwenyewe kabla ukurasa huu haujaongea badala yako.

Acha nikugombeze kidogo, maana miaka sabini na mmoja haikuondolei. Mtoto katika darasa lako angekaa na karatasi tupu hata wiki mbili, ungemwendea umwulize kuna nini. Wewe umekaa na karatasi tupu miaka kumi na minne, ukaikunja vizuri, ukaonekana mwanafunzi bora. Umepoteza ekari nane na hukuwa na neno moja kali la kumwambia Mungu? Ulikuwa nalo. Ulilificha kwa sababu uliamua maombi ni lazima yawe safi na ya shukrani kama ya Wacuka, na kwa kuwa ya kwako hayakuwa hivyo, ukanyamaza. Hicho ni kiburi, mzee wangu. Watu wa Maandiko walimlalamikia Mungu wazi, na hakuwafukuza.

Na uliacha mkeo akusifu kwa kazi usiyofanya. Hilo usilipambe, ni uongo, na utamwomba msamaha.

Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na ninakuona. Mtu aliyechomewa nyumba, akapiga magoti kila asubuhi kando ya mkewe bila kukosa, hata kama hakuwa na la kusema, huyo hakutoroka. Alikosa maneno, akaenda na mwili wake. Unasema pale Lugulu hukuwa unaomba. Haya, niambie ni kwa nini siku zote unafika langoni, na siku ile ulikwama kwenye mtarakwa wa kumi na mbili. Mtu anayehesabu miti tu hakwami.

Jambo lingine. Kwa miti wewe ni makini sana, lakini kwa mkeo umehesabu vibaya. Unaandika kwamba alisema "Amina," kwa hiyo hakusikia. Mama anayesikia kuku akigusa mahindi yaliyoanikwa nyuma ya nyumba hakumsikia mume aliyepiga magoti begani pake? Watu husema "Amina" kwa kitu walichosikia. Na huo mparachichi ni wake pia. Mimi siwezi kuapa kwamba anajua, nenda ukamwulize.

Mwambie mchana, baada ya chai, mkiwa wawili. Usimwachie ausikie ukweli huu kanisani akiwa kati ya wageni wake. Usitoe hotuba, ulifundisha muda mrefu na najua unaweza. Mwambie kama ulivyoniandikia mimi, kisha nyamaza umpe nafasi akasirike kama anataka.

Jumapili usimame na koti lako. Waambie juu ya lile darasa, na lile jibu, "Tunamwambia tumehamia wapi," na yale madebe matatu. Toa ushuhuda wa mtu uliyemwona akimtegemea Mungu, huo unao, na hakuna aliyeuona kwa karibu kama wewe. Habari ya miti ni ya nyinyi wawili. Akikuruhusu, iseme. Akikataa, iache nyumbani. Na akitaka kusimama yeye azungumze, wewe beba debe.

Ila kuna jambo la kufanya kesho asubuhi, kabla ya hayo yote. Atakaposema, "Baba Kiarie, tuombe," piga magoti kama kawaida, na safari hii fungua mdomo. Anzia lango la chini, penye mkaratusi, kwa sauti, umwambie Mungu. Pita mitarakwa yote kumi na tisa. Ukifika kwenye mplamu ule usiozaa, mwambie unavyouonea uchungu hata huo. Kisha rudi langoni, na kwa mara ya kwanza usiseme "Amina." Mwachie Wacuka.