Maua ya Mtaro wa Korona

Mama Nakiete, mke wangu,

Pokea salamu zangu zenye vumbi la mkonge. Kifua cha mama kinaendeleaje? Watoto wanakula? Mimi mzima, ila nimechoka, mke wangu, nimechoka mpaka kalamu naiona nzito.

Barua yako imefika. Kwa hiyo wazee wamesema nyumba isiyotoa mwanamume kwenye msaragambo, hiyo kazi ya kijiji kizima ya kuzibua ndiva, bwawa letu la maji, msimu huu, inanyang'anywa zamu ya maji. Bila zamu ile tangawizi yetu itakauka, na mtakula nini?

Lakini ruhusa hakuna. Tangu shamba hili la mkonge liuzwe kwa huyu tajiri, ukiondoka leo, kesho kisu chako cha kukatia mkonge kina mtu mwingine. Unamkumbuka Elinami, jirani yetu, ninayekaa naye chumba kimoja? Wiki iliyopita tulipita kwenye mtaro wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, pale maji yake yanapotokea, tukakuta maua ya njano yamejaa topeni. Yale yale ya chepechepe ya juu ya ndiva, ambayo yakichanua tunajua chemchemi imepanda na baragumu la msaragambo litalia. Elinami akapiga ukelele, "Haya, kwetu tayari! Mimi siachi zamu yangu!" Akatupa kisu, akadandia lori la Same. Nami ningemfuata, homa ndiyo iliyonilaza.

Kumbe maua yale yanakunywa maji ya mashine, ya mvua hayana habari nayo! Alikuta mlimani vumbi tupu, baragumu hata halijaguswa. Aliporudi, nyapara akamwambia nafasi imejaa. Kitanda chake kapewa huyo aliyeshika kisu chake, yeye analala chini. Mtu mzima yule, jana alilia. Niliona uchungu sana.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimu shemeji fundi cherehani, na dada yangu muuza mitumba wa Same, mwambie shati limenikaa vizuri.

Sasa nisikilize. Baragumu likilia, chukua jembe uende wewe. Watasema kazi ya ndiva ni ya wanaume. Waache waseme, wewe chimba. Na mgawa maji akifika kwenye zamu yetu, asiite jina langu tena. Aite lako. Mimi sijui nitarudi lini.

Mumeo,
Baba Nakiete