Picha ya Mama Uliyonitumia

Machimboni, nyuma ya Buseresere,
Wilaya ya Chato.
8 Septemba 2024

Mpendwa dada Sesilia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Fredy na mtoto Violeth. Mguu wako bado unavimba ukisimama sana sokoni? Na huko Maganzo mawingu yameanza kujikusanya au bado ni vumbi tu? Mimi ni mzima, ila mgongo. Nabeba viroba vya mawe kutoka mdomo wa duara, shimo tunalochimba dhahabu, hadi kwenye karasha la kuyasaga, na ikifika jioni nakaa chini polepole kama mzee.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nikikupigia utalia, na ukilia nitakusamehe kabla sijamaliza kusema. Kwenye karatasi nitamaliza.

Dada, nilikusimulia jinsi kifusi kilivyomfukia mwenzetu Januari mwaka jana. Walipomtoa siku ya tatu, alitambuliwa kwa herufi alizochorwa mkononi. Tangu hapo wengi hapa wamejichora. Mimi sikutaka herufi. Nilitaka uso wa mama, kwa sababu siukumbuki. Alipofariki nilikuwa sijatimiza hata miaka miwili. Ndipo nikakuomba picha yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi siku ile ilipoingia kwenye simu: mwanamke kijana mwenye mwanya, kitambaa kichwani, anatabasamu kidogo. Chini yake uliandika, "Hiyo hapo picha ya mama."

Niliitazama hadi chaji ikaisha.

Fundi wa tatuu pale Buseresere anaitwa Valerian. Aliniambia rangi haziwaki kwenye ngozi zetu, bora nyeusi na kijivu. Kijivu chenyewe hana kwenye chupa. Ni wino uleule mweusi anauzimua kwa maji kwenye vifuniko vidogo, kimoja cheusi kabisa, kingine kama moshi, cha mwisho kama maji yaliyooshewa sufuria. Alinichora Jumapili mbili. Palipouma zaidi ni juu ya mfupa wa kifua, alipofika kwenye macho. Nilimuuliza kwa nini mama hana chale pembeni mwa macho, maana wewe ulishaniambia alichanjwa utotoni. Akasema, "Kaka, simu za siku hizi zinalainisha watu." Nikaridhika. Chini ya uso akaandika Mayu Melania, mama Melania kwa Kisukuma chetu.

Kwa miezi saba nilikuwa nikiamka namsalimia. Usicheke. Nikioga, nilimwosha yeye kwanza. Nasibu, ninayekaa naye chumba kimoja, kila nikichelewa kurudi alikuwa akisema, "Mama yako alikuwa anakuulizia." Wenzangu wengine wakaniita mtoto wa mama. Nilifurahi, dada. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kunitania kwa mama.

Mwezi uliopita mjomba Ngusa alipita hapa, akitoka kuangalia ng'ombe upande wa Biharamulo. Alinikuta nanawa nje, kifua wazi. Nikamsogelea ili amwone dada yake. Alitazama, akavua kofia, akatazama tena.

"Klara anafanya nini hapo?"

Nilidhani ni uzee wa macho. Nikamsomea jina. Akakaa juu ya kiroba, nikamlazimisha aseme. Ndipo akaniambia kwamba mama hakuwahi kupigwa picha hata moja maisha yake yote. Kwamba uso huu ni wa mdogo wake, Klara, na picha yenyewe iko ukutani kwake yeye mjomba tangu zamani. Kwamba mama alipofariki, ukoo ulimwomba Klara anichukue, akasema hawezi kulea kitoto ambacho hakijaacha ziwa, akapanda basi la Tabora na hajarudi mpaka leo. Huyo ndiye niliyekuwa namwosha kwa sabuni.

Mjomba alipoondoka nilikutumia ujumbe. Ukanijibu, "Kwani mama mdogo si mama?"

Kwa lugha yetu hukudanganya, dada. Mama mdogo ni mama, kila mtu anajua. Ndiyo maana nashindwa hata kukuita mwongo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulitafuta neno la kujificha nyuma yake. Na hukuwa peke yako. Mjomba anasema shemeji ndiye aliyekuja na simu yake kuipiga ile picha ukutani. Kisha siku nilipowatumia mchoro umekamilika, mliniandikia kwamba mama amependeza.

Kama kifusi kingeniangukia, mngenitambua kwa uso wa mwanamke aliyenikataa.

Ila si Klara anayenikosesha raha. Kila nilichonacho kuhusu mama nilikipata kwako. Zile chale. Kwamba alipenda karanga mbichi. Kwamba jina hili la Bujiku alinipa yeye kwa kuwa nilizaliwa usiku. Sasa nikikumbuka lolote najiuliza, na hili limetoka ukutani kwa nani?

Ungeniambia tu kwamba picha haipo. Ningekasirika wiki moja, halafu ningemwambia Valerian akuchore wewe. Si wewe uliyeacha shule ukiwa na miaka kumi, ukanibeba mgongoni?

Valerian anasema mchoro wa namna hii unaongezewa weusi tu, haupunguzwi. Jumapili iliyopita nilimwomba afunike jina peke yake. Hakuuliza sana. Sasa chini ya uso wa Klara pana ukanda mweusi mtupu, upana wa vidole viwili, bado una magamba. Mama yumo humo ndani. Nasibu ameacha kunitania.

Ukinijibu, usitume picha. Niandikie kitu kimoja tu kuhusu mama, ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, hata kama ni kidogo, hata kama si kizuri. Kama hukumbuki, andika kwamba hukumbuki. Hilo nalo nitalipokea.

Nisalimie shemeji, ingawa nina neno naye. Violeth mwambie mjomba wake hajamsahau. Mjomba Ngusa mwambie asijilaumu kwa kusema. Mungu akuponye mguu, akulindie nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Bujiku