Magurudumu Uliyoyafunga Mwenyewe

Baba,

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Nimejaribu tangu tukuzike na imenishinda, kwa hiyo leo nakusema.

Mama hayupo nyumbani. Hilo ulijue kwanza. Nyumba yako ina kufuli la Baba mdogo Okeyo, kuku wote waliliwa na wageni wa matanga, na Mama yuko Kegonga kwa kaka yake, analala jikoni. Wamemrudisha kwao Ukuria kwa sababu, wanasema, yeye ndiye aliyekuua.

Ngoja nikueleze ulivyokufa, maana nadhani hata wewe hukupata nafasi ya kuelewa.

Unakumbuka ile pancha ya Rangwe, siku tunatoka kanisani? Ulipiga magoti kwenye tope na suti yako ya Jumapili. Gari letu lile la mgongo wa kobe halikuwa na vyuma vya kuning'inizia gurudumu. Ilibidi ulibebe kwa mikono, ulenge tundu na tundu, ndipo uingize bolti, na kila ulipolenga lilikuponyoka. Mwenye Toyota akasimama nyuma yetu na pancha yake mwenyewe, akalitundika gurudumu lake kwenye stadi, akafunga nati, akatupigia honi akipita. Mama alicheka. Wewe uliendesha umenuna hadi Oyugis.

Basi ukaamua kwamba gari la mwalimu mkuu kama wewe nalo litakuwa na stadi. Ulinunua vile vyuma vyenye meno pande zote mbili, ukatoa bolti zote, ukavikaza pale zilipokuwa, hapo uani kwetu, mikono imejaa grisi. "Akinyi, kanyaga hiyo spana, nyathina, mwanangu," ukaniambia, nami nikaikanyaga kwa uzito wangu wote. Ulikuwa unapiga mluzi. Nilikupenda sana siku ile, Baba, na ndiyo maana hasira yangu haiishi.

Lakini nati ulizonunua zilikuwa za magari mengine. Zilichongoka kama koni, na matundu ya rimu zetu ni ya mviringo kama bakuli, kwa hiyo zilishika ukingoni tu. Muuza spea alikuonya utembee kidogo kisha uzikaze tena. Ulimjibu kwamba wewe ukifunga kitu umefunga.

Wiki hiyohiyo mvua ikaja. Unajua sheria ya hapa kwetu: mke wa mwana hapandi kabla ya mama mkwe wake, akitangulia ataleta chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira huua. Dani, mama yako, alikuwa Migori kwa shangazi, anaumwa miguu. Mama akaja kukuuliza afanye nini, mvua isije ikapita. Kichwa chako kilikuwa chini ya bawa la gari. Hata hukugeuka. "Panda tu. Dani akirudi nitaongea naye."

Hukuongea naye. Gurudumu la mbele lilichomoka kwenye mteremko wa kwenda Kendu, likakutangulia, likaingia shambani kwa watu. Gari likagonga ukingo, mlango ukafunguka, ukatupwa nje. Bawa lilipinda na taa ikavunjika. Gari lilipona kuliko wewe.

Wazee walikaa hata udongo wa kaburi haujakauka. Baba mdogo akasimama, amevaa koti lako. "Huyu mwanamke ya Ukuria alitangulia mama yetu shambani. Chira haijui mgeni." Mama aliniangalia ninyamaze. Baadaye aliniambia kwamba mume haaibishwi akiwa kaburini. Mimi sikunyamaza. Nilisema wewe ndiye uliyemruhusu, wakaniuliza nani mwingine alisikia. Nikawapeleka garini, nikawaonyesha magurudumu yaliyobaki, nati zinazunguka kwa vidole vitupu. Mzee mmoja akaizungusha moja mwenyewe, akapangusa grisi kwenye majani. "Nati imelegea, sawa, nyako, binti yetu. Lakini nani aliilegeza?"

Wakaitikia wote.

Ikaamuliwa Mama arudishwe Kegonga, na Baba mdogo, aliyekuwa ameshajichukulia gari, ndiye ampeleke. Fundi alikuwa amerudisha gurudumu kwa nati za aina ileile. Nilimwambia Baba mdogo kwamba gari halitafika. Akacheka. "Gari imepona. Mkosi ndio inatoka leo."

Nikaingia uvunguni mwa kitanda chako, nikatoa mkebe wa zile bolti za zamani, nikachukua jeki. Mbele ya waombolezaji wote nililala chini na nguo nyeusi. Stadi nilizitoa kwa nati mbili, moja nabana juu ya nyingine, kisha nazungusha ya chini, stadi moja baada ya nyingine. Halafu nikalipakata gurudumu mapajani na kulenga tundu, lile jambo lililokuaibisha Rangwe, mara nne. Mashangazi walisonya, na hakuna aliyenishikia hata spana. Baba mdogo alikaa kwenye kiti chako akinywa chai, akiniuliza kama bado.

Nikikaza kila bolti niliwaza: nikiiacha, huyu mtu atakufuata. Nilitamani, Baba. Usifikiri sikutamani. Lakini Mama angekaa kando yake. Basi nikakaza vizuri, nikakaza tena, kama ambavyo wewe ungepaswa kufanya, na gari likaenda hadi Kegonga bila kutikisika. Mama yangu alifukuzwa salama salimini, kwa mkono wangu.

Mahindi yake yalistawi. Yaliwahi mvua, na ya majirani waliosubiri yakanyauka. Unadhani ndugu zako waliyaogopa? Waliyachoma mabichi, Baba mdogo wa kwanza, akasema ni matamu. Dani, ambaye miguu ilimzuia hata kuja kukuzika, aliporudi kutoka Migori hakulalamika juu ya kupanda. Aliuliza tu mbona mkaza mwanawe hajaja kumwamkia, na watu wakatazama chini.

Wiki iliyopita nilikwenda Kegonga. Mama amekonda, anakohoa, mke wa kaka yake anamhesabia matonge. Unajua aliniuliza nini? Kama kaburi lako limepaliliwa. Nikamwambia ndiyo. Sijaligusa.

Wazee wameacha nafasi kando yako. Wanasema siku yake ikifika ataletwa, maana mke huzikwa kwa mumewe. Akiwa hai ni mkosi, akiwa maiti ni wa ukoo, na Baba mdogo ameshasema ataenda kumchukua mwenyewe.

Nimeongea na mjomba, na mahali pa kaburi la Mama tumepachagua, kilimani kwao. Mama hajui, na akijua atalia, kwa sababu bado anakupenda. Nitamzika huko mimi, hata wakija na chifu, hata wakinilaani. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Kwaheri, Baba. Jizoeze kulala peke yako.

Mwanao,
Akinyi