Betri ya kiti cha mama mkwe
Salha, leo sina pa kuuweka uso.

Kile kiti cha magurudumu cha umeme cha mama mkwe, mimi ndiye niliyemwambia asikichaji mpaka betri iishe kabisa, kama ninavyowaambia wateja wangu wa simu. Akaniamini, eti mimi fundi.

Leo kimezima kwenye kilima cha Yakobi akienda kanisani. Amenyeshewa saa nzima, na baridi hii ya Njombe unaijua.

Fundi wa Makambako kapima betri, akamuuliza, "Mama, nani kakwambia uimalize hivi? Hizi zinachajiwa kila siku. Umeiua."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikanyamaza, Salha. Nikanyamaza.

Mama akamjibu, "Hakuna mtu, mwanangu. Nilisahau tu kuchaji."

Halafu akaniomba nimfunike miguu.