Ulipovuka Mlango wa Babu

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba moyo wako uliposimama nawe ukijiandaa kwenda Ainabkoi, gambuti tayari miguuni. Bado tumekukasirikia kidogo. Hukuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Waliokujua kama Daktari Nanzala wanajua utafiti wako: jinsi wazee wanavyotunzwa nyumbani, na nani hasa anayewatunza. Sisi tunajua tabia zako. Ulikuwa ukiingia nyumba ya watu huketi wala huonji chai mpaka uone mgongo na visigino vya mgonjwa, kama vimeanza kuota vidonda. Godoro ulilipapasa kama mtu anayetaka kulinunua. Ugali wako, tuseme ukweli, ulikuwa mbichi siku zote, lakini wagonjwa wako walilala ngozi safi.

Ulikuwa na ugomvi mmoja na dunia. Kwetu Wabukusu, mke wa mwana hamgusi baba mkwe, wala haingii anapolala. Ni heshima ya tangu zamani. Lakini wana wa kiume wako mbali kazini, na anayebaki nyumbani na mzee aliyepooza ni yule yule asiyeruhusiwa kumgusa. Ulizunguka Kapseret na Moi's Bridge ukiwahimiza wake za watu wavunje mwiko huo. "Heshima haioshi mgongo," ulikuwa ukiwaambia.

Kwako mwenyewe, mganga hakujiganga. Babu Murunga, baba mkwe wako, alipopooza upande mmoja, ulimwajiri kijana aitwaye Phineas aje kumwosha, nawe ukabaki nje ya mlango ukimwelekeza kwa sauti jinsi ya kumgeuza. Tulikucheka, ukatufukuza tukachote maji.

Kisha ikaja Januari ya 2008 na vurugu za baada ya uchaguzi, vijana wakichoma nyumba za watu. Baba alikuwa amekwama Bungoma, barabara zimezibwa kwa mawe na magogo. Phineas alikuwa ametoroka. Sisi watoto tulimlisha Babu uji, lakini hatukuweza kumgeuza, na harufu ya kidonda ilianza kutoka mle chumbani. Ulizunguka nyumba ile tena na tena. Tuliogopa uso wako kuliko tulivyoogopa moshi.

Adhuhuri Jepkemboi, jirani yetu, akaruka ua akihema. Alisema mumewe Joseph yuko langoni na pikapu ya maziwa, hatazima injini wala kushuka, maana vijana wangeichukua. "Mama Vivian, tokeni saa hii. Si nyinyi wanatafuta, lakini mwenye hii ploti, Nyaguthii, ni wa kabila wanalotafuta, na wamesema haibaki nyumba hapa."

Nyumba ya mwisho kwenye ploti ilikuwa imeshaanza kuwaka. Jepkemboi aliingia kwa Babu akajaribu kumwinua. Babu alikuwa mtu wa mwili, na upande ule uliokufa ulimvuta chini. Walihitajika watu wawili wazima, na mtu mzima wa pili alikuwa wewe. Ulisimama mlangoni, vidole vya miguu kwenye kizingiti.

"Mke wa mwanangu hatanishika," Babu akasema kutoka ndani. "Chukua watoto, mwende."

Ungeweza kuingia kwa nguvu. Miaka yote hiyo uliwafundisha wengine kufanya hivyo. Badala yake uliketi chini pale pale mlangoni, ukatushika mimi na ndugu yangu Kevin mikono, mmoja kila upande. "Baba, usiponiruhusu, sitaingia. Lakini siendi. Na hawa watoto wanakaa hapa na mimi."

Joseph alipiga honi. Vioo vya nyumba ya jirani vilipasuka. Kevin alianza kukohoa, akashindwa kunyamaza, na mimi nilikuchukia wakati ule, Mama, nilidhani utatuua kwa ajili ya adabu.

"Wewe mwanamke ni mkaidi," Babu akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Haya, ingia."

Ukaingia. Mlimviringisha blanketi, wewe kichwani, Jepkemboi miguuni, na ukahesabu moja, mbili, tatu, kama mtu anayefundisha darasa. Tulipofika kizuizi cha kwanza, Jepkemboi aliwaambia vijana kwa lugha yao, ambayo ni yake pia, kwamba huyo ni babake, na tukapita. Tulipogeuka, ploti yote ilikuwa moshi.

Kule kwenye mahema ya waliokimbia makwao, jamaa walikuja na maneno. Walitaka kondoo achinjwe kukutakasa. Babu aliwaambia kondoo aliyebaki ni wao wenyewe, wajichinje wakipenda. Ukamwosha kila asubuhi, hapo na baadaye tulipojenga kwetu, mpaka siku uliyofariki.

Utafiti wako nao ulibadilika. Hukumwambia tena mke wa mtu avunje mlango. "Mwulizeni kwanza," uliwaambia, "mwili ni wake." Kule Ainabkoi bibi mmoja alikataa kuguswa na mtu wa kabila letu. Ulikaa uani kwake ukimenya viazi, ukarudi wiki iliyofuata ukamenya vingine, hadi siku aliyokuita. Ulilia ukitusimulia.

Sasa uchaguzi unakaribia tena, na watu wameanza kuhamisha vyombo. Baba angependa kumpeleka Babu Bungoma. Babu amekataa kabisa kuacha kaburi lako. Tunaogopa, Mama, hatufichi. Lakini tunamwuliza kila asubuhi, na kila asubuhi anaturuhusu, ingawa analalamika kwamba mikono yetu ni mizito.

Tulipoandika tangazo hili tuliweka jina lake chini, pamoja na wakwe, kama ilivyo desturi. Alituambia tumsomee mara mbili. Kisha akasema jina lake litangulie, na neno mkwe liondolewe.

Wanaokukumbuka:
Murunga, baba yako.
Wilson, mume wako.
Vivian na Kevin, watoto wako.
Jepkemboi na Joseph, jirani zako.

Maadamu tunaishi, Mama, hututoki moyoni.