Miti Niliyoing'oa Chini ya Kisima

Lubumbashi, Jumapili

Yaya Abigaïl, dada yangu mkubwa,

Mvua ya hapa haikatiki, na kikohozi changu pia. Shati ulilonishonea limefika. Mikono ni mirefu kidogo, lakini ninalivaa.

Unasema wapimaji wa kampuni ya mgodi walichungulia kisima chako kilichokauka, wakakwambia: «Mama, ni jua tu, mayi itarudia.» Haitarudia; maji yameshukia katika shimo letu. Mwaka jana, tulipomaliza kuchimba makaa ya mawe chini ya kiwanja chako, tulirudi kinyumenyume tukiing'oa miti iliyoshikilia dari, ili itumike kwingine. Ndiyo desturi ya kazi. Paulin, mchimbaji mwenzangu, alicheka: «Ephraïm, sikia, yaya yako iko natwanga mihogo!» Kweli, mchi wako ulisikika juu ya kichwa changu. Nikaing'oa miti yote. Siku ya tatu dari ikaanguka. Ukaniuliza mbona ukuta wa jiko umepasuka, nikakujibu ni mvua.

Niliogopa kufukuzwa kazi nikikwambia ukweli. Ndiyo maana leo bado ninakula mshahara wa kampuni, nikilinda depo yao, ghala la makaa, hapa mjini.

Wapimaji wakirudi, wape barua hii. Wakikataa kwamba kuna shimo chini ya kisima, waonyeshe jina la aliyelichimba.

Mdogo wako,
Ephraïm Numbi Kalenga,
mlinzi wa depo, zamani mchimbaji namba 212