Taa ya Usukani Niliyoing'oa

Maskati

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mama, na nataka kujua hali zenu kabla sijaanza habari zangu. Presha yako imetulia? Mama bado anashika fimbo akitoka uani, au ameanza kwenda mwenyewe? Mwanahawa huniambia kwenye simu kwamba wote hamjambo, lakini dada yangu huyo hata nyumba ikiungua atasema hatujambo. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Joto la huku halisemeki. Spana ikisahauliwa juani huishiki bila kitambaa.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Nimepiga mara tatu mwezi huu nikiwa na neno la kukwambia. Kila ukipokea nauliza habari za mvua, nawe wanijibu za mvua, tunaagana. Basi nimeandika, na barua hii anakuletea mwenzetu wa Mbegani anayerudi likizo. Nimemuusia akutie mkononi wewe mwenyewe.

Wiki iliyopita karakanani kwetu liliingia gari dogo la Kijapani, la zamani, la aina ile ile ya lako. Mwenyewe ni mama mmoja mwalimu. Akasema usukani unakuwa mzito ghafla na taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, lakini akizima gari na kuwasha tena, usukani unarudi kuwa mwepesi. Yalikuwa maneno yako yale yale uliyoniambia uani kwetu mwaka juzi.

Mkuu wetu wa kazi ni mzee Nasoro, Mwomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kinanishibisha kuliko chakula cha huku. Nilipima betri, nzima. Nikatazama fyuzi, nzima. Nikamwambia, "Mzee, hapa mota ya usukani imekufa. Tutafute nyingine."

"Umelipima gari limelala," akasema. "Lipime likiwa kazini. Mtu wa pumu ukimkuta amekaa kitako utasema mzima."

Usukani wa magari haya hausaidiwi na mafuta kama wa malori. Kuna mota ya umeme, na mota hiyo hula umeme mwingi pale unapokata kona. Mzee Nasoro akaingia ndani, akawasha gari, akazungusha usukani. Mimi nikashika mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye kasha la mota. Usukani ukitulia, mita haikusema kitu. Alipoukata, ikapanda. Maana yake umeme ulikuwa unafika, ila unakosa njia ya kurudi. Tuliufuata waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, mpaka chini ya zulia, miguuni pa abiria, tukakuta kichwa cha waya na bolti yake vimeota kutu ya kijani. Maji ya kiyoyozi yalikuwa yakivujia pale. Tukasugua kwa msasa, tukakaza, basi. Hakuna kilichonunuliwa.

Mzee Nasoro alinipiga bega kwa furaha. Mimi nilikwenda msalani nikalia.

Kwa sababu gari lako, Baba, lilikuwa linabeba chumvi. Kila ulipopeleka magunia kwenye maduka ya Zinga na buti likajaa, gunia la mwisho uliliweka pale pale miguuni pa abiria. Zulia lile halikukauka hata siku moja, na mimi sikulifunua. Nilibadilisha betri, nikabadilisha tairodi, vile vyuma vya kugeuza magurudumu, nikatia grisi mahali pasipohitaji grisi, na taa ikarudi. Nami kijiweni nilikuwa nimeshajitangaza kwamba gari la kunishinda halijatengenezwa.

Sasa nasema neno lililonifanya niandike. Asubuhi mliyokuwa mnakwenda Mkange kuhani msiba, ulikuja uani ukaniuliza, "Idrisa, ile taa imezimika?" Nikakujibu, "Imezimika, Baba. Nendeni salama." Haikuzimika. Nilikuwa nimefungua dashibodi baada ya sala ya alfajiri nikang'oa balbu yake. Niliona aibu kukwambia kwamba sijui ugonjwa wa gari. Ungeiona ile taa usingekwenda. Wewe ni mtu wa kuahirisha safari kwa tairi lililopungua upepo kidogo tu.

Hospitalini, baada ya gari kuwashinda konani na kuacha njia, ulisema mara moja, mbele yetu sote, "Usukani ulikuwa mzito pale konani kama umeshikwa na mtu." Shemeji, mumewe Mwanahawa, akakujibu kwa upole, "Mzee, na umri nao." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha Mama, na paja lake limefungwa, nikatikisa kichwa kumkubalia. Uliniangalia. Tangu siku ile hukuutaja tena usukani. Ukaanza kusema ni mikono yako. Ukampa Mwanahawa funguo. Watu wakija kukuomba umpeleke mgonjwa wao, unawaambia macho hayaoni vizuri, na macho yako mazima kuliko yangu.

Mimi nikapata kazi huku, mkanisomea dua, majirani wakasema mzee kazaa fundi. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu nimeivuta mpaka ng'ambo ya bahari, na kila nilipokwenda ulikuwa mbele yangu umekaa barazani na mikono umeipakata.

Usinisadiki kwa maneno yangu tena, nimeyaharibu mwenyewe. Mwite fundi rewaya yeyote, wa umeme wa magari, mwenye mita, afunge betri yenye nguvu, kisha ufunguo uuzungushe wewe. Gari zima, ukifungua swichi, taa ya usukani huwaka kwanza, halafu huzima injini ikishanguruma. Ya lako haitawaka kabisa. Mtu asikwambie hiyo ni dalili ya uzima. Mwambie atie balbu mpya kabla ya kugusa kitu kingine, kisha afunue zulia upande wa kushoto, pale penye ubavu uliobonyea. Akute asikute kutu, mwongo ni mimi. Chumvi ilikuwa riziki yetu na hakuna aliyekwambia ina madhara gani. Taa ilikwambia, nami nikaifunga mdomo.

Nifikishie salamu kwa dada yangu Mwanahawa, na umwambie funguo hazikuwa zake. Shemeji mpe salamu zake pia, na asilipeleke gari kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimesikia ameshawaita waje kulitazama. Shangazi wa Mbegani mwambie simu yake nitaipokea hata akitaka kunigombeza, na najua atataka. Wazee wa barazani kwako nitawaandikia mwenyewe, maana mbele yao ndiko jina lako lilikoshuka.

Sikuombi msamaha katika karatasi hii. Aliyevunjika ni Mama, na siwezi kukuomba wewe utoe kilicho chake. Najua macho yake siku hizi hayawezi maandishi na wewe ndiye msomaji wake. Kwa hiyo kaa naye umsomee yote, usiruke palipo na aibu yangu. Na ukifika hapa, Baba, iweke barua chini, umwambie kwa kinywa chako: haikuwa mikono yangu.

Mwanao,
Idrisa